Duka si Akiba: Elfu Nne kwa Siku kwa Familia Changa ya Wafanyabiashara

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo chukua daftari na kalamu. Ni kwa wale ambao mna biashara ndogo na watoto wadogo kwa wakati mmoja. Mwenye watoto wakubwa naye asiondoke, atapata cha kumwambia mdogo wake.

Ukimuuliza mfanyabiashara mdogo, "Akiba yako iko wapi?", wengi watakuonyesha kwa kidole: "Si hii hapa unaiona?" Anaonyesha mzigo. Magunia, viatu, vitenge, ndoo, chochote anachouza. Kwake yeye duka ndiyo benki, ndiyo ada ya watoto, ndiyo nyumba atakayojenga, ndiyo pensheni. Mimi nauza vyombo vya plastiki na masufuria hapa Morogoro, mume wangu ni fundi wa kuchomelea, tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine mwaka mmoja. Tulipokaa kupanga maisha ya hawa watoto, kanuni ya kwanza tuliyoiandika juu kabisa ya daftari ni hii: DUKA SI AKIBA. Leo nataka nikueleze kwa nini, halafu nikuonyeshe hesabu yenyewe.

KWA NINI DUKA SI AKIBA

Sababu ya kwanza: mzigo hauko tayari siku unayouhitaji. Mtoto akilazwa leo usiku, huwezi kumpa daktari beseni 40. Utauza kwa bei ya hasara, au utakopa. Kwa vyovyote, mtaji unapungua, na mtaji ukipungua faida ya mwezi ujao nayo inapungua. Ugonjwa wa siku tatu unakula biashara ya miezi sita.

Sababu ya pili: mayai yote yamekaa kapu moja. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua moto. Kuna watu waliamka asubuhi wakiwa na mtaji, wakalala wakiwa na funguo tu. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema kwa sababu moto, mafuriko, wizi au agizo la kuhamisha wafanyabiashara haviulizi kama ndani ya mzigo ule kulikuwa na ada ya mtoto. Kama kila kitu chako kiko dukani, duka likiondoka, familia nayo inaondoka nalo.

Sababu ya tatu ni hii ambayo hatupendi kuizungumza. Kuna dada jirani yangu hapa sokoni, mumewe alifariki akiwa bado kijana. Duka lilikuwa limejaa. Watu wote tulijua "huyu mjane ameachiwa kitu." Lakini hesabu zote zilikuwa kichwani kwa marehemu. Baada ya arobaini wakaanza kuja wa jumla: huyu anadai laki sita, yule milioni na kitu. Wale waliokuwa wanadaiwa na duka, hakuna hata mmoja aliyekuja. Mzigo ukauzwa kulipa madeni, na ndani ya miezi minne fremu ilikuwa na mpangaji mwingine. Watoto wawili, mmoja chekechea. Yule baba hakuwa mvivu wala mlevi, alifanya kazi kila siku ya Mungu. Ila familia yake ilikuwa inaishi ndani ya mzigo, na mzigo haukuwa wao.

SASA UTANIULIZA SWALI

Najua unalotaka kusema, maana kila nikizungumza habari hii naulizwa: "Dada, hela nikiizungusha dukani inanipa faida ya robo kila ninapouza. Kwa nini niipeleke mahali inaongezeka asilimia 10 kwa mwaka mzima? Si ujinga?"

Swali ni zuri, na nusu yake ni kweli. Duka likiwa changa, hela inafanya kazi vizuri zaidi kwenye mzigo unaotoka haraka. Lakini jipime hivi: nikiongeza mzigo wa laki tano wiki hii, je, mauzo yangu yatapanda? Kama wateja wanaondoka kwa sababu bidhaa zimeisha, ongeza mzigo. Kama bidhaa zipo ila wateja ni wale wale wa mtaa wako, basi mzigo utakaoongeza utalala tu. Mzigo uliolala hauna faida ya robo wala ya senti. Una vumbi.

Kwa hiyo duka lina kiwango chake cha kushiba. Likishashiba, hela inayozidi itafutiwe kazi nyingine. Na hata kabla halijashiba, kidogo kitoke kila siku kwa ajili ya familia, kwa ile sababu ya moto na ile ya ugonjwa.

HATUA YA 1: JILIPE MSHAHARA

Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Wengi wetu tunachota dukani. Elfu mbili ya mboga, elfu tano ya gesi, elfu kumi ya harusi. Mwisho wa mwezi hujui biashara imekupa nini, maana umekula bila kuandika.

Tuchukue mfano wa duka la kawaida. Badilisha namba ziendane na lako.

Mauzo ya siku: 100,000.
Faida ghafi, yaani ukitoa bei uliyonunulia: 25,000.
Siku za kazi kwa mwezi: 26. Faida ghafi ya mwezi: 650,000.
Kodi ya fremu, kodi ya TRA, ushuru, umeme, ulinzi, usafiri: 200,000.
Inabaki: 450,000.

Hii 450,000 igawe hivi:
Mshahara wako wa matumizi ya nyumbani: 300,000.
Kukuza mtaji: 46,000.
Mipango ya familia ya muda mrefu: 104,000.

Hiyo 104,000 ni shilingi 4,000 kwa siku mara siku 26. Ndiyo maana nimeliita somo elfu nne kwa siku. Mtu wa mauzo ya siku kwa siku akisubiri mwisho wa mwezi ndipo aweke laki moja, haiweki. Lakini elfu nne kila jioni kabla hujafunga, inawezekana.

Siku mbaya je? Tumia asilimia. Elfu nne katika faida ya 25,000 ni asilimia 16. Siku ukipata faida ya 10,000, weka 1,600. Siku ya sikukuu ukipata faida ya 60,000, weka 9,600, usiweke elfu nne ukasema nimemaliza. Siku kubwa ndizo zinazobeba siku ndogo.

Na hiyo hela isilale kwenye laini unayopokelea malipo ya wateja. Uwe na laini ya pili au akaunti ya pili. Hela ikikaa pamoja na hela ya mzigo, msambazaji akipita na bei nzuri utaichukua. Nakuambia utaichukua.

HATUA YA 2: FUNGU LA DHARURA KWANZA

Miezi ya mwanzo usianze na mambo makubwa ya kiwanja na hatifungani. Elfu nne zote ziende fungu la dharura, mpaka zifikie matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu. Kwa mfano wetu, 300,000 mara 3 ni 900,000. Kwa 104,000 kila mwezi utafika ndani ya miezi 9.

Hili fungu ndilo linalolinda mtaji wako. Bila hilo, dharura ikija utakimbilia mikopo ya kausha damu. Fanya hesabu: umekopa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni 100,000 kila mwezi, na deni bado liko pale pale. Yaani ile 104,000 ya watoto wako karibu yote inakwenda kumlea mtoto wa mtu mwingine.

Ukilitumia fungu la dharura, mengine yote yasimame mpaka lijae tena. Na dharura ni ugonjwa, msiba wa karibu, fremu kuvuja. Sare ya harusi si dharura, hata kama kamati imepiga simu mara tano.

Kama bado unahitaji mkopo wa kukuza biashara, kabla ya kausha damu nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako ukaulize mikopo ya halmashauri. Sheria inataka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Kuna foleni na makaratasi, ni kweli, lakini foleni haijawahi kumtoa mtu kitanda nje.

HATUA YA 3: MAFUNGU MATATU YA MIAKA MINGI

Fungu la dharura likijaa, ile 104,000 inagawanywa. Sisi nyumbani tumegawa hivi: elimu 35,000, uzee 30,000, kiwanja na nyumba 39,000. Wewe gawa kwa hali yako, ila kila fungu liwe na jina. Hela isiyo na jina ni hela ya kila mtu.

Fungu la elimu. Utasema shule za serikali hazina ada. Ni kweli, tangu 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Lakini sare, daftari, chakula, usafiri na michango vipo. Na baada ya kidato cha sita kuna chuo, na mkopo wa HESLB si kila mwombaji anapewa, wala si kila anayepewa anapewa asilimia mia.

Sasa angalia hesabu inayonifurahisha kuliko zote. Mtoto wa miaka 4, chuo ni kama miaka 15 mbele. Ukiweka 35,000 kila mwezi mahali panapokua kwa asilimia 10 kwa mwaka (huu ni mfano wa hesabu, si ahadi ya mtu yeyote), baada ya miaka 15 wewe mwenyewe utakuwa umeweka 6,300,000. Ila utakuta kama 14,500,000. Hizo milioni nane za juu hujazifanyia kazi, ni muda umezifanyia kazi.

Ukisema ngoja biashara ikae sawa, nianze baada ya miaka mitano? Utakuta kama 7,170,000. Yaani umeruka michango ya milioni mbili na laki moja tu, lakini mwisho umepungukiwa na zaidi ya milioni saba. Kuchelewa miaka mitano kumekata nusu ya mfuko. Hii ndiyo sababu nawaambia vijana wenye watoto wachanga: kiasi kidogo mapema kinamshinda mwenye kiasi kikubwa aliyechelewa.

Nikuongezee ukweli mmoja ili usije ukasema nilikudanganya. Vitu vinapanda bei. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, hiyo 14,500,000 ya miaka 15 ijayo itanunua kama kile ambacho milioni 8 inanunua leo. Bado ni hela nzuri. Lakini inakuonyesha kwamba hela iliyolala kwenye kibubu chini ya kitanda miaka 15 inaliwa kila siku na hakuna mwizi wa kumkamata.

Iwekwe wapi? Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo ni taasisi ya serikali, inapokea hela ndogo ndogo na unaweza kuweka kwa simu. Wana mifuko kadhaa, ukiwemo wa Watoto. Uliza kila mfuko unawekeza wapi, thamani ya kipande inaweza kushuka au vipi, na ukitaka hela yako inachukua siku ngapi. Asiyekujibu maswali hayo matatu, usimpe hela, hata awe na suti ya namna gani.

Fungu la uzee. Sisi tuliojiajiri tuna kasumba ya kusema watoto watanitunza. Watoto watakuwa na watoto wao. NSSF inapokea waliojiajiri pia, machinga, mama lishe, bodaboda, fundi. Kitu cha kujua ni kwamba ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Ukianza na miaka 28, ukifika 43 umeshatimiza, na kila mwezi unaoongeza ni wa kukuza pensheni. Ukianza na miaka 50, unahangaika. Nenda ofisi yao uulize kiwango cha chini cha sasa na mafao unayopata, halafu chukua namba yako ya uanachama uiandike kwenye daftari la nyumbani.

Fungu la kiwanja na nyumba. Hapa kikoba kinafaa sana. Kikoba kina nguvu moja, kinakulazimisha kuweka. Lakini vingi huvunjwa na kugawana kila mwaka, kwa hiyo ni chombo cha malengo ya mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba siku ya kugawana ndiyo siku ya kununua sofa. Sisi tumeandika kabisa: hela ya kikoba ikitoka, siku hiyo hiyo inahamia fungu la kiwanja. Hakikisha pia kikundi chenu kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, ili siku mhasibu akipotea na daftari muwe na pa kuanzia.

Fungu likifika milioni moja, mlango mwingine unafunguka: hatifungani za serikali kupitia Benki Kuu. Kiwango cha chini ni 1,000,000, zipo za miaka 2 mpaka 25, na riba inalipwa kila miezi sita. Unaingia kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa. Ila usiweke kwenye hatifungani ya miaka 20 hela ya kiwanja unachotaka kununua mwakani. Hela ya karibu ikae karibu, hela ya mbali ndiyo iende mbali.

Na kabla hujanunua kiwanja, kwanza kafanye uhakiki ofisi ya ardhi ya halmashauri, halafu mkinunua andikeni majina yote mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini majina mawili kwenye karatasi yanakuepusha na kesi ya kutafuta mashahidi.

HATUA YA 4: DAFTARI LA WATU WAWILI

Sasa narudi kwa yule dada jirani yangu, kwa sababu mpango wote huu ukiwa kichwani kwa mtu mmoja ni sawa na haupo.

Nunua daftari moja gumu. Andika ndani yake: nani anatudai na kiasi gani. Nani tunamdai, na namba yake ya simu. Akaunti zipi ziko wapi, kwa jina la nani. Namba ya NSSF, ya UTT, ya kikoba. Hati na mikataba imehifadhiwa wapi. Usiandike namba za siri. Ila kila akaunti inayoruhusu kuandika mrithi, hakikisha umemwandika, na jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Sisi tunakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi, watoto wakishalala. Nusu saa tu. Mara ya kwanza mume wangu aliniambia, "Mama, kwani umeanza kunihoji kama TRA?" Nikamwambia, "Hapana baba, nataka na mimi nihojiwe." Akacheka, tukafungua daftari. Akina baba, mkiona mke anauliza hela iko wapi, msidhani anapanga kuondoka. Akina mama, na nyie ile hela ya mchezo mnayoificha mpaka kwenye unga, iandikeni. Mtu asijue tu kwamba duka limejaa. Ajue ni lipi letu na lipi la watu.

Kuhusu wosia, watu wanaogopa wakidhani kuandika ni kuita kifo. Kifo hakisubiri karatasi. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, na ukiwa na watoto wadogo ndiyo unauhitaji zaidi kuliko mzee wa miaka 70, kwa sababu mtoto wa miaka minne hawezi kusimama kwenye kikao cha ukoo akajitetea.

MWENYE KIPATO KIDOGO ZAIDI AFANYEJE

Najua kuna mtu amesoma mpaka hapa anasema, "Dada, mimi mauzo yangu ni elfu thelathini, elfu nne naitoa wapi?" Ndugu yangu, usiitoe. Toa mia tano. Mia tano kwa siku 26 ni 13,000 kwa mwezi, 156,000 kwa mwaka. Hiyo ni matibabu ya mtoto bila kugusa mtaji, au ni Januari bila kukopa. Mwaka wa pili toa mia saba. Kanuni haibadiliki: kitoke kila siku, kikae mbali na hela ya mzigo, kiwe na jina, na mwenzako ajue kilipo.

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni ukifunga duka, fanya mambo matatu tu. Moja, andika mauzo na faida ya leo, toa asilimia yako, itume laini ya pili kabla hujafika nyumbani. Mbili, piga hesabu ya matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu, hiyo ndiyo namba ya fungu lako la dharura, ibandike ukutani. Tatu, mwambie mwenzako orodha ya wanaotudai na tunaowadai, aiandike kwa mkono wake mwenyewe.

Somo lijalo tutaangalia namna ya kupanga bei ya rejareja pale bei ya jumla inapopanda ghafla. Biashara njema, na watoto wasalimieni.